Mtoto Halii, Jicho Linatiririka

Singida ni mkoa wa upepo. Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zirudi, vumbi la Ikungi, Mkalama na Manyoni huingia mpaka kwenye chungu kilichofunikwa. Kwa hiyo mtoto mchanga akianza kutokwa na machozi jicho moja, watu hawahangaiki kutafuta sababu: ni upepo. Zikipita wiki mbili, jicho likawa linaamka limegandana kwa tongotongo, upepo husahauliwa na shauri huanza. Bibi anataka litiwe tone la maziwa ya mama. Jirani analijua jani fulani la porini. Shangazi aliyekuja kutoka mjini ana tyubu ya dawa iliyobaki tangu mwaka jana. Wote wana nia njema, na wote wanataka kuweka kitu ndani ya jicho.

Mimi nakuomba usiweke kitu. Mara nyingi tatizo la mtoto huyo haliko ndani ya jicho kabisa. Liko chini zaidi, kando ya pua, kwenye mrija wa machozi, na dawa yake ya kwanza ni kidole chako.

Machozi hutengenezwa muda wote, hata kama hatulii. Hutoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje, hulilowesha na kulisafisha jicho, kisha hukusanyika kwenye kona ya ndani karibu na pua. Hapo kuna vitundu viwili vidogo mno, kimoja kwenye kope la juu na kingine kwenye kope la chini. Jitazame kwenye kioo uvute kope lako la chini taratibu, utakiona. Kupitia vitundu hivyo machozi huingia kwenye kifuko kilicho ubavuni mwa pua, yakashuka kwenye mrija na kuishia ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia msibani hupenga kamasi vilevile, na ndiyo maana ukitiwa dawa ya matone jichoni baada ya muda unaonja uchungu kooni.

Mtoto akiwa tumboni, mrija huo huanza ukiwa umejaa, hauna tundu. Hufunguka polepole, na sehemu ya mwisho kufunguka ni ile ya chini, unapoingia puani. Watoto wengi huzaliwa mlango huo wa chini ukiwa bado umefunikwa na ngozi nyembamba. Makadirio ya wataalamu ni kati ya watoto 5 na 20 kwa kila 100 wanaozaliwa. Si ugonjwa wa kuambukizwa, wala hautokani na kitu alichokula mama, wala hakuna aliyemtazama mtoto kwa jicho baya. Mtoto amezaliwa kazi moja ndogo ya mwili haijakamilika, na katika watoto 10 wenye tatizo hili, 9 hivi huikamilisha wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Wazazi huuliza kwa nini basi jicho lilikuwa zima siku za kwanza. Ni kwa sababu mtoto mchanga ana machozi machache sana. Yanapoanza kuongezeka, kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, ndipo yanakosa njia na kufurika. Familia nyingi hugundua karibu na arobaini, mtoto anapoanza kutolewa nje, na hapo upepo hupewa lawama yote. Haustahili yote, lakini unastahili kiasi: upepo na baridi huongeza machozi, na jicho ambalo mrija wake umeziba halina pa kuyapeleka. Mafua nayo huzidisha, maana pua ikivimba kwa ndani hata njia nyembamba iliyokuwepo hubanwa.

Mtoto wa namna hii utamtambua hivi. Jicho limejaa maji na mtoto hajalia. Asubuhi kope zimeshikana, na kuna tongotongo jeupe au la njano kidogo linalorudi saa chache baada ya kufutwa. Ngozi ya chini ya jicho inaweza kuwa nyekundu kwa kulowa. Lakini jicho lenyewe ni jeupe, mtoto analifungua vizuri, anautazama mwanga wa mlangoni bila kufumba, ananyonya na kucheza kama kawaida. Ukibonyeza taratibu kona ya ndani, kando ya pua, mara nyingine ute hupanda na kutokea jichoni. Hiyo ni dalili nzuri ya kwamba kifuko kimejaa na hakina njia ya kwenda chini.

Sasa kidole. Mwaka 1923 daktari wa Marekani aitwaye Crigler aliandika namna ya kukikanda kifuko cha machozi, na hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, madaktari wa macho wanaifundisha njia hiyo hiyo. Haigharimu hata shilingi. Pengine ndiyo sababu inadharauliwa: mama aliyetembea kilomita nyingi hadi zahanati akaambiwa aende kukanda, huona kama amefukuzwa.

Wazo lake ni jepesi. Umewahi kumwona mtoto akila barafu ya mfuko: hubana juu, shinikizo likashuka, na kipande kikatokea chini palipotobolewa. Ndivyo ilivyo hapa. Machozi yaliyokusanyika kwenye kifuko yakisukumwa kwenda chini, yanaisukuma ile ngozi nyembamba, na siku moja inaachia.

Kata kucha zako fupi, hasa ya kidole utakachotumia. Nawa mikono kwa sabuni. Kama kuna tongotongo, lifute kwanza: chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, chovya pamba safi au kipande cha kitambaa laini kilichofuliwa na kuanikwa juani, kisha futa kutoka kona ya ndani kuelekea nje. Pamba ikishapita mara moja, itupe, chukua nyingine. Jicho la pili lina pamba yake. Baada ya hapo weka ncha ya kidole, cha shahada au hata kile kidogo, kwenye kona ya ndani ya jicho ukiegemeza kwenye mfupa wa pua. Usikiweke juu ya jicho. Bonyeza, kisha telezesha kidole kwenda chini ubavuni mwa pua, bila kukiachia. Rudi juu, rudia. Fanya hivyo mara 5 hadi 10, na ukamilishe mizunguko mitatu au minne kwa siku.

Kosa la kawaida ni kupapasa. Mama anaogopa kumuumiza mtoto, basi anapitisha kidole juu ya ngozi kama anayefuta jasho, na baada ya mwezi anasema kukanda hakusaidii. Inatakiwa nguvu kiasi, hadi uone nyama iliyo chini ya ukucha wako inapauka. Mtoto anaweza kunung'unika; hilo si tatizo. Kosa la pili ni kusugua kwa kuzunguka, au kusugua kuelekea juu. Kosa la tatu ni kufanya siku tatu na kuacha. Hii ni kazi ya miezi, na inakwenda vizuri ikifungwa na jambo ambalo hata hivyo hufanyika kila siku, kama kunyonyesha. Mtoto akiwa ananyonya kichwa kimetulia, mkono wako mmoja uko huru.

Na hapa naona nafasi ya bibi. Nyumba nyingi zinaye mama mtu mzima aliyekwishakanda watoto na wajukuu, anayejua kumshika mtoto asiogope. Usimwambie kwamba maziwa na majani yake ni ushamba, mtagombana bure na usiku atayatia wewe ukiwa umelala. Mwambie daktari ameagiza jicho likandwe mara nne kwa siku na kwamba mikono yake ndiyo inayofaa. Atafanya vizuri kuliko wewe. Sharti ni kucha fupi na mafuta yasifike jichoni.

Nirudi kwenye vile vitu vya kutiwa jichoni, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapopotea. Mrija ulioziba, wenyewe, ni nadra mno kuharibu jicho. Kinachopofusha ni kidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda hicho unaweza kukitengeneza nyumbani kwa mkono wako. Utomvu wa jani, maji ya chumvi kali, mkojo, majani ya chai, unga wa mzizi uliosagwa: vyote hivyo huweza kuchubua kioo cha jicho au kuingiza vijidudu. Jirani zetu wa Dodoma wana historia ya jambo hili. Daktari Allen Foster alifanya kazi Hospitali ya Mvumi, na mwaka 1987 yeye na Alfred Sommer walichapisha utafiti kuhusu vidonda vya macho kwa watoto wa Tanzania. Surua na upungufu wa vitamini A vilikuwa na sehemu kubwa, lakini dawa za kienyeji zilizotiwa machoni nazo zilikuwa kwenye orodha ya sababu. Surua tumeipunguza kwa chanjo. Majani bado yapo uani.

Maziwa ya mama si sumu kama majani, lakini hayafungui mrija, na yakikauka kwenye kope huongeza ugandamano na kuwapa vijidudu chakula. Mahali pake ni kinywani mwa mtoto. Wanja nao nausemea, kwa kuwa wapo wanaompaka mtoto ili macho yapone au yawe makubwa: baadhi ya wanja una madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Dawa za dukani nazo zinahitaji tahadhari. Ukienda duka la dawa muhimu ukasema "mtoto anaumwa macho," utapewa tyubu ya tetrasaiklini au matone ya kloramfenikoli. Dawa hizi huua bakteria. Hazitoboi ngozi iliyoziba mrija. Tongotongo likizidi na kuwa la usaha wa njano au kijani, mhudumu wa afya anaweza kuandika dawa hiyo kwa siku chache, na ni sawa. Kuitia miezi mitano mfululizo kwa sababu jicho bado linatoa maji si sawa, ni kulipa pesa kila wiki kwa kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya. Hatari zaidi ni matone yenye steroidi. Hutuliza wekundu haraka, mzazi akafurahi, huku yakiweza kupandisha presha ya jicho au kukipa kidonda nafasi ya kuchimba. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoani, watu walitia machoni kila walichoshauriwa na simu, na Wizara ya Afya ililazimika kuwaonya. Usitumie tyubu ya mtu mwingine, wala iliyofunguliwa zamani.

Yapo macho yanayotoa maji au tongotongo ambayo si mrija, na hayo hayasubiri. Hapa ndipo ningependa usome polepole.

La kwanza ni mtoto wa chini ya siku 28 ambaye kope zimevimba na usaha mwingi unatoka. Usimkande, usimsubiri. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vijidudu vya kisonono, anavyovipata mtoto wakati wa kuzaliwa, huonekana zaidi kati ya siku ya pili na ya tano, na vinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi sana. Klamidia huja baadaye kidogo, mara nyingi wiki ya pili. Mtoto anahitaji matibabu kamili ya hospitali, pamoja na sindano pale inapotakiwa; tyubu peke yake haitoshi. Mama anatibiwa, na baba anatibiwa. Baba akikataa, ugonjwa unabaki nyumbani kumsubiri mtoto mwingine. Mtoto anapozaliwa hupaswa kupakwa dawa ya kinga machoni, nayo huzuia mengi ya haya. Ukijifungulia njiani au nyumbani, wahi kituoni uiombe.

La pili linafichwa na sifa. Mtoto ana macho makubwa, watu wanasema amebarikiwa, na macho yenyewe yanatoa maji. Lakini anafumba na kugeuza uso kila akitolewa nje juani, na ukitazama vizuri kile kioo cha mbele kina ukungu wa kijivu au buluu. Hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Mrija ulioziba haumfanyi mtoto achukie mwanga. Mtoto anayechukia mwanga aonwe na daktari wa macho wiki hiyo, kwa sababu presha hiyo huua mshipa wa kuona na kinachokufa hakirudi. Vilevile ukiona weupe katikati ya mboni, hata kama ulionekana kwenye picha ya simu, usisubiri: unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

Halafu kuna uvimbe. Pale kona ya ndani, kando ya pua, pakivimba, pakawa pekundu, pa moto, mtoto akipata homa na kukataa kuguswa, kifuko kimeingiliwa na maambukizi. Acha kukanda, usipatumbue, nenda hospitali siku hiyo. Na mtoto akizaliwa na kauvimbe ka rangi ya buluu mahali hapo, mwonyeshe mkunga mapema, hasa kama anapata shida ya kupumua anaponyonya. Watoto wachanga hutegemea pua, na uvimbe huo unaweza kuwa umeshuka hadi ndani ya pua.

Mtoto mkubwa ni habari nyingine. Kama macho yake yalikuwa makavu tangu kuzaliwa na yakaanza kutoa maji akiwa na miaka miwili au mitatu, usiulaumu mrija wa kuzaliwa nao. Wakati wa kupura uwele na mtama, pumba huruka na kunasa chini ya kope. Pia kuna trakoma, tunayoiita vikope, ambayo kanda yetu ya kati inaifahamu vizuri mno. Huenezwa na vidole, vitambaa na nzi wanaotua kwenye nyuso zenye tongotongo. Huko Kongwa, kwa majirani zetu wa Dodoma, mtafiti Sheila West na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba vijiji vilivyohamasishwa kuwanawisha watoto uso, pamoja na kupewa dawa, vilipata trakoma kali kwa kiwango kidogo kuliko vilivyopewa dawa tu. Mtoto mwenye mrija ulioziba hupendwa na nzi kuliko ndugu zake. Mfute kila mara, na kitambaa chake kisimguse mwingine. Najua maji ya kisima yana foleni, lakini uso wa mtoto hauhitaji ndoo, kikombe kinatosha.

Tuseme umekanda kwa uaminifu na mtoto anakaribia mwaka. Usisubiri tarehe ifike ndipo uanze kuuliza. Mtoto anapopelekwa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, mwonyeshe muuguzi jicho na umwombe aandike kwenye kadi. Akitimiza miezi 12 bado linatiririka, omba rufaa kwenda kwa mtaalamu wa macho. Anza na hospitali ya wilaya yako, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, nao watakuambia kama inabidi kwenda mbali zaidi. Hospitali zinazojulikana kwa macho ya watoto ni KCMC ya Moshi, na Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam. Kutoka Singida basi la Moshi hupita Katesh, Babati na Arusha. Ni safari ya siku nzima, mbebee mtoto nguo ya baridi.

Watakachofanya huko kinaitwa kuzibua mrija. Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa, daktari akapitisha kijiti chembamba cha chuma kwenye kile kitundu cha kope, kikashuka hadi puani na kuitoboa ile ngozi. Hakuna mkato, hakuna mshono, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kwa mtoto wa umri wa mwaka mmoja hivi hufanikiwa kwa takriban 9 kati ya 10. Siku moja au mbili anaweza kutoa kamasi yenye damu kidogo. Ukichelewa hadi miaka mitatu, minne, mafanikio ya mara ya kwanza hupungua, na huenda ikabidi awekwe mpira mwembamba ndani ya mrija kwa miezi kadhaa au afanyiwe upasuaji mkubwa zaidi. Hii ndiyo sababu nakataa ushauri wa "ataacha tu mwenyewe" mtoto akishavuka mwaka. Kabla ya hapo ni ushauri sahihi.

Kuhusu gharama, sera ya afya inasema watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bure kwenye vituo vya umma. Hata hivyo nauli, chakula na malazi ya mzazi ni vyako, na hospitali zisizo za serikali zina taratibu zake. Ulizia mapema kwa simu au kwa mganga mfawidhi wa kituo chako. Miezi ile ya kukanda itumie pia kuweka akiba: alizeti ikiuzwa, au kuku wawili watatu wakienda mnadani, nauli itengwe kabla haijapata kazi nyingine.

Baba, safari hiyo nenda nawe, au angalau uitoe nauli bila kuombwa mara tatu. Na wewe unayesoma ukiwa na mtoto mwenye jicho linalotiririka leo, mpeleke akaonwe mara moja ili uwe na hakika kwamba ni mrija na si presha ya jicho wala maambukizi. Ukishaambiwa ni mrija, kata kucha, nawa mikono, uanze kukanda jioni hii.